Kofia ya Buluu Ilipovuka Mto

Mhariri wangu alipenda maswali mafupi. Asubuhi hiyo, katika chumba cha kupanga mjini Embu tulichokiita ofisi ya gazeti, alinitazama juu ya miwani yake akauliza: "Kati ya Mzungu na Mchina, nani anajua kulinda amani ya watu wengine?"

Nikamwambia sijui.

"Najua hujui. Nenda kamuulize mjomba wako."

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Kila tulipofungua redio tulisikia vita, vingine Ulaya kwenyewe, na wanajeshi wa Kenya walikuwa wakitumwa nchi za mbali kusimama katikati ya watu waliotaka kuuana. Mjomba alikuwa mmoja wao. Alistaafu akiwa kapteni, na kazi yake ya mwisho ilikuwa uangalizi wa amani katika jangwa moja la kaskazini mwa Afrika, ambako pande mbili zilikuwa zimeacha kupigana na dunia ikatuma watu wa kuhakikisha hazianzi tena. Kambini alilala kati ya kapteni Mbelgiji na kapteni Mchina, hema la huyu kushoto, la yule kulia. Mhariri alisema shahidi bora kuliko huyo hayupo, labda awe ngamia.

Mimi ni wa Kanja kwa upande wa baba, lakini mama ametoka Githongo, na mjomba ndiye kaka yake mkubwa. Nilifika kwake mchana, kahawa ikiwa imeanza kupata wekundu mitini, nikamkuta barazani akisugua kofia yake ya buluu kwa brashi ya viatu. Nishani zake alikuwa amezitia kwenye kopo la majani ya chai, na wajukuu walizichezea watakavyo. Kofia ilikuwa na msumari wake ukutani, wala hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Alikwisha kumwambia mkewe kwamba siku akifa azikwe nayo. Mkewe alimjibu kwamba siku hiyo ataamua atakayekuwa hai.

"Karibu, mwipwa," alisema. "Umekuja wakati mzuri. Kesho navuka mto."

"Kwenda wapi?"

"Kufanya diplomasia."

Mke wa mjomba alikuwa akichambua njahi, yale maharagwe meusi, kwenye ungo. Hakuinua kichwa. "Anaenda kugombana na mwenye bucha," alisema.

Mambo yalikuwa hivi. Upande wetu wa mto kulikuwa na kiwanda cha kahawa, fakitori kama tunavyoita sote, na ng'ambo kulikuwa na kingine. Msimu uliopita wezi walivunja maghala ya vyote viwili. Walinzi wetu waliwafukuza mpaka mtoni wakasimama, kwa kuwa mtu akivuka usiku na rungu mkononi, yeye ndiye atakayeitwa mwizi. Walinzi wa ng'ambo nao walisimama vivyo hivyo. Basi kila upande uliona wezi wakipotelea upande wa pili, na kila upande ukahitimisha kwamba wezi ni wa kule. Mavuno makubwa yalikuwa yanakaribia. Vijana wa huku walikwisha kuanza kutazamana vibaya na vijana wa kule siku za soko, na mjomba, aliyechaguliwa mwenyekiti wa kamati ya ulinzi kwa sababu ya ile kofia, aliona kabisa pa kuishia. Alitaka maafikiano kabla debe la kwanza halijamwagwa kwenye mashine.

Mwenyekiti wa ng'ambo alikuwa mzee mfupi mwenye bucha sokoni. Zaidi ya hapo, ukoo wake na ule wa mjomba ni watu wa gichiaro. Nilipokuwa mdogo Kanja, mama alinieleza neno hilo kwa kifupi: wazee wa zamani wa koo mbili walikula kiapo cha undugu, na tangu hapo mtu wa gichiaro humdanganyi, humdhuru, na akikuomba kitu kwa kinywa chake, humnyimi, la sivyo laana inakuandama. Mtu wa gichiaro akija kwako unaficha vitu vizuri, mama alisema, siyo kwa uchoyo, ila kumwepushia kishawishi.

Niliweka redio kaseti yangu juu ya stuli, nikabonyeza, nikauliza swali la mhariri.

Mjomba alicheka. "Wazungu kwanza. Ukimwona Mzungu mmoja wa Ulaya kwenye mkutano, jua hayuko peke yake. Walikuwa Mbelgiji, Mfaransa, Mwairishi, na wengine. Wanakaa kwanza wao kwa wao, wanabishana mpaka chai inapoa, halafu wanatoka na neno moja. Na neno lao ni refu. Kwao amani si kuacha kupiga risasi tu. Wanauliza wafungwa wanalishwa nini. Polisi wamefundishwa na nani. Kura itapigwa lini. Kila kitu kimeandikwa, na usipotimiza, kuna adhabu yake."

"Na Mchina?"

"Mchina anauliza swali moja tu: mwenye nyumba ametukaribisha? Kama amekaribisha, anaingia, anakaa pale alipoonyeshwa, na hachungulii chumbani. Anasema mambo ya nyumba ya mtu ni ya mwenyewe. Na ukimuuliza maoni yake, anakuambia atakujibu kesho. Kesho maana yake ni Beijing ikishajibu."

Kisha akatusimulia habari ya chupa ya chai. Mchina alikuwa na chupa kubwa yenye maua mekundu, iliyotunza joto la chai kutwa nzima. Kamanda wa upande mmoja wa jangwa aliipenda. Siku moja, nusu kwa mzaha, akaiomba. Mchina akampa pale pale, na chai yake ndani. Mbelgiji alikasirika sana: mwangalizi hatoi zawadi, kanuni zinakataza. Mchina alipokwenda likizo alirudi na chupa nyingine kama ile, akaipeleka kwa kamanda wa upande wa pili, ili pasiwe na wa kuona wivu. Tangu hapo malango ya pande zote mbili yalifunguliwa kabla gari lake halijasimama.

"Huyo ndiye mwenye akili," alisema mke wa mjomba.

"Ngoja nimalize. Siku moja tukakuta handaki jipya limechimbwa mahali palipokatazwa. Mchina aliliona, akanyamaza. Mbelgiji akatoa futi, akapima, akaandika, akapiga picha. Wenye handaki wakakana. Akawaonyesha picha. Likafukiwa. Kwa hiyo, mwipwa, andika: Mchina alifunguliwa lango, Mbelgiji ndiye aliyeona kilichomo ndani."

"Na wewe ulifuata wa nani?" niliuliza.

Aliingia ndani akatoka na karatasi zilizoandikwa kwa mkono ulionyooka wa kijeshi. Ulikuwa mkataba. Ulikuwa na utangulizi, ufafanuzi wa maneno, na vifungu. Kila upande ungeruhusu walinzi wa upande wa pili kuvuka mto wakifuata mwizi. Kila upande ungeruhusu ghala lake kukaguliwa bila taarifa. Upande utakaodanganya ungewekewa vikwazo.

"Vikwazo gani?" aliuliza mke wa mjomba.

"Hatutanunua nyama kwake."

"Heee! Wewe utaacha nyama ya yule mzee? Jumapili utakula kifungu?"

"Mama, hii ni kazi."

"Na unataka mtu wa gichiaro atie sahihi kwamba hatakudanganya? Ni kama kunipa mimi karatasi niseme kweli hawa watoto nimewazaa mimi." Aliupepeta ungo. "Lakini nenda. Jambo moja tu nakuomba. Usivae kofia."

"Nitaendaje mkutano wa usalama bila kofia?"

"Utaenda na kichwa."

Siku iliyofuata tulivuka daraja la miti, mjomba mbele akiwa amevaa kofia, katibu wa kamati akibeba mkataba, na mimi nyuma na redio kaseti yangu. Tulipokelewa vizuri. Tuliwekwa kwenye viti chini ya paa la mabati la fakitori, tukapewa chai na ndizi za kuchoma, na bunda la miraa ya kutafuna lililofungwa kwa majani ya mgomba likawekwa mezani, kama inavyopasa wanaume wakikutana kwa jambo la maana. Mwenye bucha alikaa mbele yetu na koti lake la kijivu, mikono juu ya tumbo. Muda wote mjomba alipokuwa akisoma vifungu, macho ya mzee hayakuwa kwenye karatasi. Yalikuwa inchi chache juu ya nyusi za mjomba.

Mjomba alipofika kwenye ukaguzi wa maghala, minong'ono ilianza. Alipofika kwenye vikwazo vya nyama watu walicheka, na mzee mwenyewe akacheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akasema polepole:

"Kapteni, nimekusikia. Maneno ni mengi na ni mazuri. Kujibu nitajibu. Lakini kwanza, ndugu yangu, nina ombi. Naomba hiyo kofia."

Nilisikia katibu wetu akimeza chai vibaya.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Ombi lilikuwa la gichiaro, mbele ya watu, mchana. Mjomba aligusa ukingo wa kofia kama mtu anayehakikisha paa bado lipo. Halafu akafanya kosa ambalo nina hakika alijifunza kwa wale Wazungu wa jangwani, kwa kuwa nyumbani hakuna anayelifundisha.

"Mzee," alisema, "hilo tutaliweka kwenye ajenda ya mkutano ujao."

Mwenye bucha aliinamisha kichwa kwa adabu. Akasimama. Watu wake wakasimama. "Basi na mengine pia tutayaweka ajenda," alisema, akatushika mikono mmoja mmoja, akatutakia njia njema. Tukavuka mto kurudi. Bunda la miraa lilibaki mezani halijafunguliwa.

Nilikuwa nimeomba ruhusa ya siku chache tu kazini, lakini niliwapigia simu Embu kutoka posta nikaongeza. Mhariri alipiga kelele kwamba amenituma kufuata habari za dunia, siyo za kofia. Nilimwambia zimeshikana.

Kwa wiki iliyofuata, kila kilichoharibika upande wetu, kofia ndiyo iliyolaumiwa. Mkanda wa mashine ya kumenya kahawa ulikatika: kofia. Katibu alitokwa na jipu mahali pasipomruhusu kukaa: kofia. Mhubiri alisema kanisani kwamba Mkristo haamini laana za zamani, kisha kipaza sauti kikazima, na kanisa zima likageuka kumtazama mjomba. Alikuja jirani mmoja akasimama kwenye ua na kuuliza kwa heshima nyingi: "Kapteni, samahani, kuku wangu wameacha kutaga. Ile ajenda itafunguliwa lini?"

Mjomba alicheka na wote, lakini mimi nilikuwa namwona. Alikuwa akitoka asubuhi kwenda kutazama kahawa, na kila siku wekundu ulikuwa umeongezeka. Vijana wetu walikuwa wamechonga marungu mapya. Ng'ambo nao tulisikia wamefanya vivyo hivyo. Akirudi alikaa barazani, anautazama msumari ukutani na kofia yake.

"Si kofia tu," aliniambia siku moja, bila mimi kuuliza. "Kule jangwani tulizika watu waliokanyaga mabomu ya ardhini. Watoto pia. Nikiivaa, najua sikuwa nimelala wakati ule. Sasa yule atakwenda kukatia nayo nyama."

Mke wa mjomba alitoka jikoni na sufuria ya mukimo. Aliiweka chini, akakaa karibu naye kuliko kawaida.

"Kapteni," alisema, bila kejeli. "Yule Mchina, alipotoa chupa yake, hakuwa anaipenda?"

"Aliipenda. Alitoka nayo kwao."

"Ulimwonaje siku ile?"

Mjomba alifikiri. "Alikunywa maji baridi mpaka akaenda likizo. Na alicheka sana."

"Basi," alisema mkewe, na akapakua chakula.

Kesho yake mjomba aliinyoosha kofia kwa pasi ya makaa, akiweka kitambaa juu ili isiungue. Hakuivaa. Aliibeba mikononi, kama mtu abebavyo mayai, na safari hii nyuma yetu walikuja watu wengi kuliko kamati, kwa sababu Githongo habari haihitaji gazeti. Mkataba katibu alikuwa nao, lakini aliuficha ndani ya koti. Alitembea kwa kupanua miguu, kwa ajili ya jipu.

Mwenye bucha alikuwa anatungoja chini ya lile paa la mabati. Bunda jipya la miraa lilikuwa mezani. Mjomba hakutoa hotuba. Alimwendea, akamvisha mwenyewe, akaivuta upande wa kulia, akarudi hatua moja, akaisawazisha tena.

"Usiivae kama kikapu," alisema. "Inalala upande huu."

Watu wa ng'ambo walipiga vigelegele. Kofia ilikuwa ndogo kwa kichwa kile, na masikio ya mzee yalitokeza kama vipini vya sufuria, lakini alikaa wima ghafla, na hakuna aliyecheka. Hata mimi niliona kwamba mgongo ule haukuwa wa mtu wa bucha tena.

Mzee aligusa kofia. Macho yake yalikuwa na maji. "Ndugu yangu," alisema, "umenipa. Na wewe omba."

Watu wote walimgeukia mjomba.

Kila mtu pale aliwaza jambo moja. Gichiaro haichagui. Mjomba angeweza kusema, "Naomba kofia," na mzee angeivua pale pale, sheria ikawa imetimizwa, heshima zimebaki, na sisi tukarudi nyumbani na kofia yetu. Katibu alinong'ona nyuma yangu, "Sema, sema." Mjomba aliitazama kofia kwa muda. Nilidhani atasema. Nadhani yeye pia alidhani hivyo.

"Naomba njia," alisema. "Walinzi wangu wakimfuata mwizi, wavuke mpaka ndani ya boma lenu. Na naomba ufunguo wa macho: nikitaka kuliona ghala lako, nilione siku hiyo hiyo, bila kutoa taarifa."

Mzee alitabasamu taratibu. Vilikuwa ni vile vifungu viwili alivyoviweka ajenda, lakini sasa havikuwa kwenye karatasi. "Umepewa," alisema. "Na ghala langu ulione leo." Kisha, akiwa anainuka, akaongeza: "Na mimi naomba lako."

"Umepewa," alisema mjomba, akacheka.

Walikagua maghala yote mawili alasiri hiyo hiyo, wakiongozwa na kofia. Ndipo mjomba alipomgeukia katibu akamwambia autoe mkataba. Mwenye bucha alishangaa. "Si tumemaliza?"

"Tumemaliza sisi. Wewe na mimi tutakufa. Walinzi wa kesho watajuaje wapige filimbi ngapi kabla ya kuvuka?"

Mzee alikubali kwamba hilo ni kweli, wakakaa wakaandika habari za filimbi, taa na zamu. Kifungu cha vikwazo vya nyama kilifutwa kwa kauli moja. Bunda la miraa lilifunguliwa.

Nilirudi Embu na kuandika makala. Mhariri aliisoma akisimama, akauliza: "Sasa, nani? Mzungu au Mchina?" Nilimwambia inategemea kama unataka kufunguliwa lango au kuona kilichomo ndani, na kwamba Githongo walitaka vyote, wakatumia kitu cha tatu kilichokuwepo kabla ya hao wawili. Alisema hicho si kichwa cha habari. Aliikata kwa nusu, akaiweka ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la mbolea.

Mavuno yale wezi walijaribu mara moja. Filimbi zililia kuanzia huku, zikajibiwa kule, na walinzi wa pande mbili wakakutana katikati ya mto, maji magotini. Wezi waliangusha magunia wakatoroka. Hatukujua kamwe walikuwa wa upande gani, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza.

Niliendelea kwenda Githongo kila nilipopata likizo. Siku za soko mwenye bucha alikata nyama akiwa amevaa kofia ya buluu, safi kabisa, wala hakuwahi kuidondoshea hata tone la damu. Mjomba alisimama mbele ya kaunta na kichwa wazi, akiagiza mbavu.

Siku moja, tukiwa njiani kurudi, nilimuuliza kwa nini haiombi. Angepewa tu.

"Najua," alisema. "Naye anajua. Ndiyo sababu inang'aa hivyo." Alihamisha mfuko wa nyama mkono mwingine. "Lakini nikiomba kofia, mwipwa, na yeye ataomba kitu. Mimi nina ng'ombe mmoja wa maziwa, na mke wangu ana maneno mengi. Afadhali tubaki tukiogopana hivi hivi."

Nyuma yetu, kutoka buchani, tulisikia mzee akimwonya mteja: "Simama mbali kidogo. Hii kofia si yangu peke yangu."